Beringi ya Tatu

Kasese, Jumamosi, alasiri.

Mvua imekatika tangu asubuhi. Mawingu yameondoka mlimani na barafu ya Rwenzori inaonekana nyeupe pe, kitu ambacho hatujakiona kwa wiki mbili. Nimeketi mlangoni, daftari juu ya goti, mikono inanuka mafuta ya taa niliyotolea grisi. Uani ni kweupe. Lori lililosimama hapa miezi miwili halipo, na pale lilipokuwa majani yamegeuka manjano.

Nina furaha leo. Ila furaha yenyewe imepitia njia mbaya kufika hapa, na nikiandika furaha peke yake nitakuwa nimeandika nusu.

Basi niandike yote.

Lori ni la Hajji Swaibu, mfanyabiashara wa Bwera anayebeba chumvi ya ziwa Katwe, pamba na watu. Lilimfia barabarani, injini imegonga mpaka ikanyamaza. Alilivuta hadi kwetu kwa sababu mume wangu Zakayo ni fundi katika karakana ya mgodi, na jioni na siku za mapumziko hutengeneza magari ya watu hapa nyumbani. Ufundi aliupata jeshini wakati wa vita. Alirudi kwetu Maragoli, kule Kenya, na suruali mbili na namna ya kusema ambayo mpaka leo haijamtoka: maneno mafupi, kama anapanga watu mstari.

Waliitoa injini kwa mnyororo, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, wanaume wakaiingiza chumba cha mbele. Cherehani yangu ikahamia chumbani, kando ya kitanda. Nikasema sawa. Ni wiki mbili tatu tu, alisema.

Kisha maji ya betri yakamrukia machoni. Ilikuwa hapa hapa uani, anaijaza betri ya lori hilo, chupa ikamteleza. Daktari alimfunga macho yote mawili na kitambaa na kusema kisifunguliwe mwezi mzima. Kama atapona au hatapona, hakusema. Alisema tungoje.

Nilidhani Zakayo atampelekea Hajji habari kwamba atafute fundi mwingine. Alikaa siku mbili, uso kaelekeza ukutani. Siku ya tatu akaniita.

"Mikono ninayo," akasema. "Macho utakuwa wewe."

Nieleze kazi yenyewe, maana hata mimi miezi miwili iliyopita nisingeielewa. Ndani ya injini kuna chuma kinene kilichopindapinda, mafundi wanakiita krenkshafti, nacho ndicho kinachozungushwa na pistoni. Chuma hicho kimelala ndani ya beringi nne kubwa. Kati ya chuma na beringi lazima pawe na nafasi ndogo sana ya kupitisha mafuta. Nafasi ikiwa ndogo mno, vyuma vinasuguana mpaka vinashikana. Ikiwa kubwa mno, mafuta yanakimbia na injini inaanza kugonga. Ukiikata inchi moja vipande elfu, nafasi inayotakiwa ni vipande viwili, labda na nusu. Jicho haliwezi kuiona.

Inapimwa hivi. Unalaza juu ya chuma kipande cha waya laini wa madini ya risasi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Unafunga kifuniko cha beringi kwa nguvu zake zote, halafu unakifungua tena. Waya umebanwa ukawa bapa. Unauokota, unaupima kwa maikromita, kile chombo kama upinde mdogo chenye mistari, na unene wa waya ndio nafasi unayoitafuta.

Zakayo alifunga na kufungua, kwa kupapasa. Mimi nililaza waya, nikauokota kwa ncha ya sindano, nikasoma mistari.

"Soma," alikuwa akisema.

"Mbili na nusu."

"Soma tena."

"Mbili na nusu."

"Tena."

Siku za kwanza, tukipima vyuma vidogo, nilimjibu "Ndiyo, afande," na tukacheka. Kucheka kulikuwa kumepotea nyumbani humu, kwa hiyo hata ile injini niliishukuru kidogo.

Jumanne ya wiki iliyopita hatukucheka.

Siku hiyo ndiyo tulipima zile beringi nne kubwa. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili alinirudisha mara tano. Mara ya tano sauti yangu ilipanda, naye akasema, "Ukisoma vibaya utaua watu." Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimeteka maji, nimempikia, nimemwosha uso kuzunguka kitambaa, nimempeleka Rhoda wetu kwa jirani Masika, na gauni la mteja lilikuwa limelala kitandani wiki ya tatu bila mkono. Mvua ikaanza kupiga mabati. Chumba kikawa cheusi kama ndani ya chungu.

Tukafunga ya tatu. Tukaifungua. Nilipokiinua kifuniko, waya ulikuwa umenasia huko juu, kwenye kifuniko, badala ya kubaki juu ya chuma. Nikauona. Nikanyoosha sindano. Ukaanguka.

Nilipiga magoti nikapapasa sakafu. Udongo, vumbi la mbao, vipande vya uzi wangu mwenyewe. Waya ule ukiwa bapa ni mdogo kuliko unyoya wa kifaranga. Zakayo alikuwa anangoja, kichwa kakiinamisha upande kama anavyofanya siku hizi, anasikiliza.

"Soma," akasema.

Ningeweza kumwambia umeanguka. Tungekata waya mwingine, tungeulaza, tungefunga, tungefungua. Labda nusu saa. Kuna siku nusu saa ni nzito kuliko gunia la pamba.

"Mbili," nikasema.

"Soma tena."

"Mbili."

"Tena."

"Mbili."

"Safi," akasema. "Ya nne."

Nilidanganya mara tatu, kwa sauti ileile, na mkononi nilikuwa nimeshika maikromita isiyo na kitu.

Ya nne niliipima sawasawa. Ilikuwa mbili. Siku zilizofuata tuliingiza pistoni, tukafunga konrodi zake sita, zile fimbo zinazoziunganisha na krenkshafti, na zote nilizipima kama mtu anayelipa. Tukaweka kichwa cha injini. Mwisho tukafunga sampu, lile bakuli la mafuta linalofunika chini. Gasketi yake, ya kuzuia mafuta yasivuje, niliikata mimi, kutoka karatasi nene, kwa mkasi wangu wa kushonea, na Zakayo aliipitisha vidole pembeni kote akasema hajawahi kushika gasketi iliyokatwa vizuri hivi. Alimwambia Masika. Aliwaambia wenzake wa karakana walipokuja kumjulia hali: "Mke wangu ana macho ya fundi."

Kila aliposema hivyo nilitafuta kitu cha kufanya jikoni.

Nilijiambia: ya kwanza mbili na nusu, ya pili mbili, ya nne mbili. Ya tatu iko katikati yao. Kwa nini iwe tofauti? Nilijipa jibu hilo kila asubuhi, na kila asubuhi halikutosha.

Juzi, Alhamisi, Hajji Swaibu akaja.

Alikuja na dereva wake na wanaume watatu wa kuinua injini waiingize ndani ya lori. Hajji ni mtu mrefu, kanzu yake nyeupe haina hata tone, nami nikawaza jinsi anavyosafiri na kanzu ya namna hiyo katika barabara ya matope. Anaongea Kiswahili cha kule mpakani, cha watu wanaovuka kwenda Kongo sokoni na kurudi, ambao kwao "wa" huwa "ba".

"Fundi, beko salama hapa?"

"Tuko salama, Hajji," Zakayo akasema, akainuka na kunyoosha mkono kuelekea sauti. "Injini iko tayari."

Hajji alimwangalia usoni, akakiangalia kile kitambaa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili bila kuuachia upesi. Nikawapa viti, nikawapa chai. Wanaume wakaizunguka injini wakiigusa. Hajji akaanza kusimulia siku lori lilipokufa. Hakuwa ananisimulia mimi. Nilikuwa nimesimama tu na birika.

"Mbele kidogo ya Kinyamaseke," akasema. "Nilikuwa nimebeba bamama sita ya Katwe na chumvi yao. Injini ikapiga, pa, pa, pa, ikakufa. Turubai ilikuwa moja, imetoboka. Mvua ikakuja. Chumvi yote ikayeyuka, fundi. Yote. Mutu anasimama mu ziwa mpaka hapa" — akajigusa kiunoni — "wiki tatu, miguu inachubuka, na mvua inakunywa yote mu saa moja. Mama moja alikuwa anapangusa mbao ya gari na kidole, analamba, analia. Mimi mwenye gari nilikosa mahali ya kuangalia."

Dereva wake aliweka kikombe chini.

"Fundi wa kwanza aliniambia injini iko sawa," Hajji akaendelea. "Alisema iko sawa, iko sawa. Jumatatu nitabeba bale bamama tena. Nimeshawaambia."

"Safari hii haitakufa," Zakayo akasema. "Kila beringi imepimwa." Kisha akageuza uso akanitafuta nilipo, akatabasamu. "Nilikuwa na macho mazuri."

Birika lilikuwa zito. Nililiweka chini.

"Ya tatu haikupimwa," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu aliyesimama nje dirishani.

Tabasamu la Zakayo lilichelewa kuondoka. "Ya tatu ipi?"

"Beringi kubwa ya tatu. Waya ulianguka. Niliutafuta sikuuona."

"Lini?"

"Jumanne ile ya mvua."

"Ulisema mbili."

"Nilisema mbili."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Nilisema mara tatu."

Wanaume watatu wa Bwera walikuwa wanatazama miguu yao. Zakayo alisimama. Akapapasa ukuta mpaka mlango, akatoka nje kwenye manyunyu bila fimbo, akasimama uani mgongo umeelekea kwetu. Nilitaka kumfuata nikaogopa. Mwanamume aliyeaibishwa mbele ya mteja wake, na mkewe, ndani ya nyumba yake, kwa kitu ambacho hawezi hata kukiangalia mwenyewe. Nilifanya hivyo mimi.

Hajji akanigeukia.

"Mama Rhoda," akasema, "kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu ya chumvi, Hajji."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nilingoja anikaripie. Alikuwa na haki. Badala yake aliuliza, "Kufungua ni kazi ya siku ngapi?"

"Tukigeuza injini, tukatoa sampu, tukafungua kifuniko kimoja, ni leo leo."

Hajji akavua kanzu. Aliikunja vizuri, akaitundika msumarini kwenye ukuta, akabaki na fulana na suruali. Mwanamume mwenye malori mawili na duka sokoni Bwera. Akawaambia watu wake, "Kamateni pale. Tugeuze," na yeye mwenyewe akashika upande.

Waliigeuza injini kichwa chini, juu ya mbao. Nilikuwa natafuta spana ya sampu nilipoona mwanga wa mlangoni umezibwa. Zakayo alikuwa amerudi, shati limelowa mabegani. Alikuja kwa kupapasa hadi kwenye lile sanduku analokalia akifanya kazi, akakaa, akanyoosha mkono.

"Spana," akasema.

Nikamwekea kiganjani.

Tulifanya kazi mchana wote tukisemezana maneno ya kazi tu. Legeza. Shika. Hapa. Gasketi yangu nzuri ilichanika, nikaona ni haki. Dereva alikwenda kutafuta chakula. Hajji aliswali Adhuhuri barazani, akarudi, akakaa kwenye debe lililopinduliwa, anatazama.

Zakayo alipofungua kifuniko cha tatu nilipangusa chuma, nikapangusa beringi, nikakata waya mpya. Nikaupaka grisi kidogo ili ushike mahali pake. Nikatandika chini kitambaa cheupe, bafta ya mteja, sikujali. Nikaulaza waya.

"Umelala?" Zakayo akauliza.

"Umelala."

Akafunga. Mishipa ya shingo ilimsimama alipovuta spana mara ya mwisho. Kisha akalegeza, kushoto, kulia, kushoto. Nikakiinua kifuniko kama mtu anayemfunua mtoto mgonjwa usingizini.

Waya ulikuwa pale, juu ya chuma, bapa, unang'aa.

Niliuokota kwa sindano. Niliusogeza mlangoni penye mwanga, nikauweka katika maikromita, nikakaza taratibu mpaka ikagusa. Nikasoma. Nikalegeza, nikauweka upya, nikasoma tena.

Ilikuwa mbili.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Mtu angefikiri nitaruka kwa furaha. Sikuruka. Siku tisa za uchungu, aibu hii yote mbele ya watu, na beringi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Na kibaya zaidi: neno la kweli na neno la uongo lilikuwa moja. Nikisema "mbili," nitakuwa nasema lilelile nililosema Jumanne, kwa mtu yuleyule asiyeona, na humo chumbani hamkuwa na mwingine anayeweza kusoma mistari ile. Nilimgeukia Hajji nikamnyooshea maikromita. Akatikisa kichwa.

"Mimi sijui hiyo kitu, Mama. Soma wewe."

Nikamgeukia Zakayo.

"Mbili," nikasema.

Zakayo alikuwa ameinamisha kichwa upande. Mvua ilikuwa imerudi, polepole, kwenye mabati. Nilingoja aseme "Soma tena." Nilikuwa tayari kusoma mara mia.

Hakusema. Alipapasa kando yake akaipata spana.

"Tufunge," akasema.

Nililia. Nililia pale pale mbele ya wanaume wote, nimeshika waya kwa ncha ya sindano, na sikuona aibu. Hajji aliangalia nje kwa adabu. Baadaye kidogo akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Ile ya kwanza ilikuwa bahati. Hii ndio kupima."

Nilikata gasketi nyingine. Tulifunga sampu kabla ya magharibi, na Hajji na watu wake wakaenda kulala kwa ndugu yake hapa hapa mjini.

Walipoondoka, Zakayo alibaki kwenye sanduku lake. Nilimletea maji ya moto na sabuni, nikaanza kumsugua grisi vidoleni kama kila siku. Mkono wa kwanza ukaisha.

"Nilikuwa nakupigia kelele," akasema.

"Ulikuwa na haki. Ni kazi ya hatari."

"Hapana." Akasita. Zakayo si mtu wa kutafuta maneno. Hutoa yaliyo karibu. "Humu ndani ya kitambaa kuna giza, Mama Rhoda. Nikikaa kimya nawaza kwamba halitaondoka. Nikisikia namba, natulia. Ndiyo maana nilikuwa nakurudisha. Namba uliisoma vizuri mara ya kwanza. Mimi nilitaka kusikia tena."

Niliendelea kusugua. Wiki zote hizo nilidhani hanisadiki. Alikuwa anaogopa, na mimi ndiye nilikuwa taa yake, na kwenye taa hiyo niliweka uongo.

"Sitakusomea tena kitu kisichokuwepo," nikamwambia.

"Najua," akasema. Halafu, kwa sauti ya kijeshi kabisa: "Mkono wa pili."

Tukacheka. Tulicheka mpaka Rhoda akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini.

Jana baada ya swala ya Ijumaa wanaume walirudi wakaiingiza injini ndani ya lori. Leo asubuhi tuliijaza maji na mafuta. Zakayo alisimama mbele ya gari, mkono mmoja juu ya bodi, akampa dereva maagizo ya kuzungusha hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ilikohoa. Mara ya tatu ikashika, moshi ukajaa uani, kuku wa Masika wakatawanyika, na watu wakaja kutoka nyumba za jirani.

Zakayo akaomba bisibisi ndefu. Anaweka ncha kwenye chuma cha injini, mpini sikioni, anasikiliza kama daktari. Alisikiliza mbele, akasikiliza katikati, akasikiliza nyuma. Alichukua muda mrefu. Kisha akainyoosha bisibisi hewani, kunitafuta.

Nikaichukua. Nikaweka sikio.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Nilitegemea kelele. Ilikuwa mvumo mmoja, laini, unaokwenda bila kukatika, kama mto ukiusikia kutoka mbali. Hakuna kugonga. Nilisikiliza penye beringi ya tatu, nikasikiliza kwingine, sikuweza kuitofautisha na nyingine.

"Alhamdulillahi," Hajji akasema. Akamwambia dereva aizime, kisha aiwashe tena, kwa sababu tu alitaka kuisikia ikiwaka. Akafanya hivyo mara mbili kama mtoto.

Kabla hajapanda alinigeukia. "Mama Rhoda, Jumatatu nikipita na bale bamama ya chumvi, nitawaambia ni nani alipima gari yao."

"Usiwaambie na ile nyingine, Hajji," nikasema.

"Hiyo nitawaambia kwanza," akasema, akapanda.

Masika alikuwa amesimama kwenye ua, Rhoda kamweka begani. Mwanamke huyu amemshika mtoto wangu siku zote hizi bila kuniuliza lini nitamaliza. Nilimshika mkono nikamwambia "Wasingya," shukrani kwa Kikonzo chake, neno ambalo huwa nalitamka vibaya. Leo hakulicheka. Lori lilitoka taratibu, likashika barabara ya kusini, na Zakayo akabaki amesimama anasikiliza mpaka mimi nilikuwa silisikii tena na yeye bado analisikia.

Sasa amelala kwenye kiti, humu ndani, chumba cha mbele, ambacho kimekuwa kikubwa ghafla. Kitambaa kitafunguliwa Jumatano. Asubuhi aliniambia kwamba akielekeza uso kwenye jua anaona wekundu kupitia kitambaa, na nilitaka kumwambia hiyo ni dalili nzuri, nikakumbuka kwamba sijui. Nikamwambia, "Sijui maana yake, lakini nimefurahi umeniambia." Akasema hilo linamtosha.

Nimehesabu leo watu ambao wangeweza kunihukumu na hawakunihukumu. Mume wangu. Hajji. Wale wanaume watatu ambao hata majina yao sikuyauliza, walioigeuza injini bila kunung'unika na wakala chakula baridi. Nimewahi kushukuru kwa vitu, kwa mvua, kwa mtoto kupona, kwa chumvi na sukari. Hii ni shukrani ya aina nyingine, sijaizoea, inaniuma kidogo kama kidole kilichotoka kwenye maji baridi kikasogezwa karibu na moto.

Kesho kanisani mchungaji atauliza, kama kila Jumapili, nani ana neno la shukrani. Wengine husimama kwa sababu wamepona, wengine kwa sababu wamesafiri salama. Mimi huwa natazama mikono yangu mpaka wamalize.

Kesho nitasimama. Nitasema nilimdanganya mtu asiyeona, na baadaye, kwa neno lilelile, akaniamini. Sijui kama watu wataitikia amina au watanyamaza.

Nitasimama.